Inchi Mbili na Nusu

Kutu ilianza kimya, kama deni la dukani.
Chumvi wanayomwaga barabarani hapa Trollhättan
tangu Novemba hadi Machi, magari yasiteleze,
ilikula sailensa, ikala na mkono wa kuishikilia,
hata asubuhi moja bomba likadondoka mbele ya posta.
Nililiburuta mita mia mbili, cheche zikiruka,
na mwanamke mwenye mbwa akanitazama
kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya tope.

Gari ni la baba. Saab nyeusi, ya themanini na tisa,
turbo.
Milango yake aliifunga mwenyewe, zamu ya usiku,
kiwanda kilipokuwa bado na zamu ya usiku.

Bengt-Åke alipanga mabomba mezani
kama muuza samaki.
"Turbo ni mkimbiaji," alisema.
"Mfungulie pua. Pumzi utakayombana nyuma
ataidai mbele, na riba."
Akagonga la inchi tatu kwa kidole:
hili litaamsha turbo mapema,
lakini ukifika mia na kumi kwenye barabara kuu
litavuma ndani ya fuvu lako hadi Göteborg.

Melker, mwanafunzi wake, ana miaka kumi na tisa
na ndevu za wiki moja.
"Toa sailensa zote, dada! Mji mzima ujue unapita."
"Debe tupu," alisema Bengt-Åke,
bila kuinua kichwa.

Kuchagua ni kazi.
Wiki nzima nililala na simu sikioni
nikisikiliza magari ya watu nisiowajua
yakikohoa, yakinguruma, yakijigamba gizani.
Kuna la chuma cheusi, kroni elfu tatu,
litakalooza kabla sijazoea sauti yake.
Kuna la titani, jepesi kama mkate mkavu,
kwa bei ya jino la dhahabu.
Kuna na mkaguzi wa magari, mwenye kipimo chake cha kelele
na uso usiojua mzaha.

Mwisho nikasema:
inchi mbili na nusu, chuma cha pua.
Bomba linalotoka kwenye turbo liwe pana, lisipindwe ghafla.
Sailensa moja katikati, moja nyuma.
Melker aliguna kama niliyemnyima mchuzi.

Baba anakaa ghorofa ya kwanza, kwenye nyumba ya wazee,
dirisha lake juu ya maegesho.
Tangu masika ananiita Ingegerd,
jina la dada yake aliyekufa, nami huitika.
Siku ile niliacha injini ikiwaka chini, nikapanda.
Alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka.
Shingo ikageuka polepole, kama mtu aliyeitwa
na asiyemdai kitu.

Nilingoja aseme: gari langu.
Nilikuwa nimeshatayarisha machozi, kusema kweli.

"Bolti," alisema. "Nyuma ya turbo. Ya chini, upande wa ndani.
Inapumulia nje."
Kisha: "Nani mpumbavu aliyefunga hiyo?"

Nilicheka hadi muuguzi akachungulia.

Bengt-Åke alikataa katakata. Miaka thelathini na minne ya spana!
Hata hivyo akalala chini, akapaka maji ya sabuni,
na povu likachomoza, dogo, jeupe,
penye bolti ya chini, upande wa ndani.
Alikaza robo mzunguko. Hakunitoza.
Melker, masikio mekundu, alikuwa na shughuli nyingi ghafla
mwisho wa karakana.

Jumapili nilirudi.
Niliegesha palepale, nikaacha injini iwake, nikapanda ngazi.
Baba alikuwa dirishani, kikombe mkononi.
Alisikiliza kitambo.
Hakusema neno.
Akanywa kahawa yake.